Mbao za Sanduku la Agano tunazichoma mkaa



Dominika hii naomba tuzungumze habari za mti. Chukua Biblia yako, fungua kitabu cha Kutoka sura ya 25, usome taratibu hadi sura ya 27. Najua wengi wetu huziruka sura hizi. Zimejaa vipimo, pete, ndoana na mapazia, na msomaji aliyetoka kwenye ngurumo za mlima Sinai hujiona ameingizwa ghafla katika karakana ya fundi. Na kweli ni karakana. Mungu anamwagiza Musa sanduku lenye urefu wa dhiraa mbili na nusu, upana dhiraa moja na nusu, na kimo dhiraa moja na nusu. Dhiraa ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, tuseme sentimita 45. Basi Sanduku la Agano, lile lililobeba mbao za Amri, lilikuwa na urefu wa mita moja na kidogo, na upana na kimo cha sentimita 67 hivi. Sanduku la bibi la kuwekea kanga halipishani nalo sana.

Lilifunikwa dhahabu ndani na nje, na dhahabu ndiyo tunayoikumbuka. Lakini chini ya dhahabu palikuwa na mbao, na ukifuatilia utaona ni za mti ule ule kila mahali: sanduku, mipiko ya kulibebea, meza ya mikate, madhabahu ya sadaka za kuteketezwa, madhabahu ya ubani, nguzo, na zile mbao 48 za kusimamisha hema. Mungu hakuagiza mti mwingine.

Biblia ya Kiswahili ambayo wengi mmeizoea inauita mti huo mshita, neno lililochukuliwa karibu lilivyo kutoka Kiebrania. Tafsiri nyingine imeandika mjohoro, na hapo Mtanzania hupata picha ya mti wa kivuli mbele ya ofisi ya mkuu wa wilaya. Mjohoro huo asili yake ni Asia, Musa hakuuona. Mtakatifu Yeronimo, alipotafsiri kwa Kilatini, aliliacha neno la Kiebrania kama alivyolikuta. Wayahudi waliotafsiri kwa Kigiriki kabla ya Kristo walichagua njia nyingine: hawakuutaja mti kwa jina, waliandika tu kwamba ni mbao zisizooza. Kutokana na tafsiri hiyo Mababa wa Kanisa waliona katika Sanduku mfano wa mwili wa Bwana usioharibika kaburini, na mfano wa Mama aliyembeba, ndiyo maana hadi leo katika Litania tunamwita Bikira Maria Sanduku la Agano.

Hayo yote tulifundishwa seminari, tena vizuri. Ambacho hakikusemwa darasani ni kwamba mti wenyewe ulikuwa nje ya dirisha.

Mshita ni mgunga. Wataalamu wa mimea ya Biblia wanatofautiana kidogo juu ya aina, kwa sababu Sinai ina migunga ya aina zaidi ya moja, lakini unaotajwa zaidi ni ule wenye umbo la mwavuli, ambao kitaalamu huitwa Vachellia tortilis na Wamasai huuita oltepesi. Unaufahamu. Ukisafiri kutoka Dodoma kwenda Kondoa unauona kushoto na kulia. Umejaa Tarangire. Ni ule wa kwenye picha za Serengeti, jua linapozama na twiga amesimama pembeni. Mti huu huu unaota kuanzia Senegali, ukakatisha Sahara hadi Sinai na Arabuni, na kwa kusini unafika Afrika Kusini. Wa Sinai na wa Dodoma hutofautiana kidogo tu, kama watoto wa tumbo moja.

Sasa nenda kamuulize fundi seremala wa mjini kwako kama anaweza kukutengenezea mbao za mgunga zenye urefu wa dhiraa kumi, yaani mita nne na nusu, na upana wa sentimita 67. Atakucheka. Shina lake limepinda, ni gumu, linaharibu msumeno, na lina miiba ya namna mbili kwenye tawi moja: mirefu myeupe iliyonyooka, na mifupi iliyojikunja kama kucha za paka, ili ukikwepa ile ya kwanza unaswe na hii ya pili. Walijengaje, basi? Herodoto, Mgiriki aliyezunguka Misri karne ya tano kabla ya Kristo, ameeleza jinsi Wamisri walivyounda mashua zao kwa mti wa miiba: walikata vipande vifupi vya dhiraa mbili hivi, wakavipanga kama matofali na kuviunganisha. Wana wa Israeli walitoka Misri. Nadhani Besaleli, fundi mkuu wa hema, aliijua kazi ya namna hiyo, na kwamba ule ubao mpana tunaousoma ulikuwa vipande vingi vilivyoshikanishwa kwa subira.

Kwa nini basi Mungu achague mti msumbufu kiasi hiki? Jibu langu ni fupi: kwa sababu ndio uliokuwapo. Mierezi ya Lebanoni ilikuja baadaye sana, wakati wa Sulemani, Israeli ilipokuwa na mfalme, hazina na mkataba na Hiramu wa Tiro. Jangwani hapakuwa na mwerezi. Palikuwa na mgunga, na Mungu aliyeweza kuagiza chochote aliagiza kile ambacho mtu angekikuta akitoka nje ya hema lake. Nakuomba ulishike jambo hili, kwa maana yote nitakayosema leo yanalizunguka.

Mti wenyewe haukuwa wa kubezwa, hata hivyo. Katika jangwa la Ténéré, nchini Niger, kulikuwa na mgunga mmoja uliosimama peke yake. Hapakuwa na mti mwingine umbali wa kilomita mia kadhaa kila upande, na misafara ya ngamia iliutumia kama taa ya pwani. Walipochimba kisima karibu nao mwishoni mwa miaka ya 1930, waligundua kuwa mizizi yake imeshuka zaidi ya mita 30 kufuata maji. Mti huo uliangushwa mwaka 1973, na kilichouangusha kilikuwa lori. Jangwa zima, mti mmoja, na dereva akaugonga. Mabaki yake yako katika makumbusho ya taifa mjini Niamey.

Mizizi ya namna hiyo ndiyo inayoufanya mgunga ubaki na uhai wakati kila kitu kimekauka. Kiangazi kikali, majani ya ardhini yakiwa yamekwisha, mgunga wa mwavuli huangusha maganda yaliyojikunja kama chemchemi ya kalamu. Mbuzi hufa nayo, kama tunavyosema, kwa utamu. Na hapo kuna ujanja wa Muumba: mbegu zina ganda gumu lisilopitisha maji kirahisi, na zile zinazopita tumboni mwa mnyama hulainika, zikatoka na samadi yake, mbali na mti mama. Ukiona migunga michanga imeota kwa wingi mahali pamoja porini, uliza wazee. Mara nyingi hapo palikuwa na zizi.

Migunga ni ukoo mkubwa na sitauorodhesha wote. Kuna ule wenye gome la njano kijani unaopenda kingo za maziwa na mabwawa, ambao Wamasai huuita olerai, na msitu wa Lerai ndani ya kreta ya Ngorongoro umepata jina kwake. Wazungu wa kwanza waliuita mti wa homa, kwa kuwa kila aliyelala chini yake aliamka na malaria. Mti haukuwa na hatia. Mbu wa kwenye maji ndio waliokuwa kazini. Kuna olkiloriti, ambao magome yake Wamasai huyachemsha kwenye supu ya nyama, na ambao magome na maganda yake yametumika tangu zama za Mafarao kudabagi ngozi, yaani kuigeuza ngozi mbichi iwe ngozi ya viatu na mikanda. Nyuki nao wanaijua migunga ikichanua, muulize mrina asali yeyote wa Singida.

Upo pia ule ambao Waswahili wengine huuita mkababu, na huu mkulima wa mahindi anapaswa kuufahamu kuliko yote. Mkababu hufanya kila kitu kinyume. Mvua zinapoanza, miti mingine ikivaa majani, wenyewe unayapukutisha. Kiangazi, mingine ikibaki fito tupu, wenyewe unakuwa kijani. Maana yake ni kwamba wakati mahindi yako yanahitaji jua, mkababu uliopo katikati ya shamba hauyawekei kivuli. Majani yake yaliyoanguka yanaoza na kurutubisha udongo, na mizizi yake, kama ya mimea mingi ya jamii ya kunde, huufanyia udongo kazi ya mbolea ya nitrojeni. Kiangazi ng'ombe hupata kivuli na maganda hapo hapo, wakaacha samadi. Wakulima wa Malawi, Zambia na Niger wanalijua hili tangu mababu na huuacha mti huu shambani kwa makusudi. Kwetu nimeona mtu akiung'oa ili aweke mkaratusi.

Utasikia pia kwamba migunga yetu siku hizi si "Acacia" tena. Ni kweli. Wanasayansi wa mimea, katika mikutano yao ya Vienna mwaka 2005 na Melbourne mwaka 2011, waliamua jina hilo libaki kwa jamaa zao wa Australia, ambao ni karibu aina elfu moja, na ya kwetu ikapewa majina mapya, Vachellia na Senegalia. Jambo la kuchekesha ni kwamba jina la kale lilitokana na mgunga wa mto Nile. Mmoja wa hao Waaustralia unaufahamu bila kujua: ni muwati wa Njombe, uliopandwa kwa wingi na kampuni iliyoanzishwa huko mwaka 1949 kwa ajili ya magome ya kudabagi ngozi. Sina ugomvi na muwati. Umesomesha watoto wengi wa nyanda za juu.

Nataka nikae kidogo na mmoja zaidi, mfupi, mnyonge wa sura, unaoota kwenye mbuga za udongo mweusi. Wamasai huuita eluai. Miiba yake imevimba chini kama vitunguu vyeusi vyenye matundu, na upepo ukipita kwenye matundu hayo mti hupiga mluzi. Ndani ya vivimbe hivyo wanaishi sisimizi. Mti huwapa nyumba na utomvu mtamu. Wao huulinda, na tembo akiingiza mkonga wake pale huondoka mbio. Huko Laikipia, Kenya, mwaka 1995 watafiti walizungushia uzio baadhi ya maeneo ili twiga, tembo na wanyama wengine wakubwa wasiingie. Wewe na mimi tungetarajia migunga ya ndani ya uzio inawiri. Baada ya miaka kumi ilikuwa kinyume. Mti uliokosa adui ulipunguza nyumba na chakula cha sisimizi. Walinzi wale wakadhoofika. Wakaja sisimizi wa aina nyingine wasiolinda kitu. Mende watobozi wakaingia kwenye shina. Na miti ikakua polepole na kufa kwa wingi kuliko ile iliyokuwa ikiliwa nje. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2008. Nimeyatumia mara kadhaa kwenye mafungo ya wanandoa, na kila mara ukumbi umenyamaza.

Habari ya Laikipia haikuishia hapo. Siku hizi wameingia sisimizi wageni wenye vichwa vikubwa, wanaowaua wale walinzi. Tembo sasa anavunja migunga bila kizuizi, mbuga inakuwa wazi, na simba aliyezoea kujificha nyuma ya vichaka anashindwa kumvizia pundamilia kama zamani. Sisimizi mdogo anabadilisha chakula cha simba. Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake wa Laudato Si' wa mwaka 2015, alirudia tena na tena kwamba viumbe vyote vimeunganika. Wengine walidhani ni lugha ya kishairi.

Na kuna gundi. Mgunga mwingine wa nchi kame, ukichanjwa gome, hutoa matone yanayokauka kama vipande vya kaharabu. Gundi hiyo imo kwenye soda unayokunywa baada ya Misa, ikizuia mafuta ya ladha yasijitenge na maji. Imo kwenye peremende, vidonge na wino. Sehemu kubwa zaidi ya gundi ya dunia hutoka Sudan, na Marekani ilipoiwekea nchi hiyo vikwazo mwaka 1997, gundi ya mgunga ilipewa nafasi ya pekee ipite, kwa kuwa viwanda havikuwa na mbadala. Tangu Aprili 2023 vita vimewakuta wachanja gundi wa Kordofan na Darfur. Tukiwaombea Wasudani kwenye sala za waamini, tujue kwamba jasho lao tunalo mkononi, kwenye chupa.

Sasa nirudi nyumbani, maana hapa ndipo penye kidonda.

Wasukuma walikuwa na desturi iitwayo ngitili. Mvua zilipoanza, familia au kijiji kilifunga eneo la malisho na miti, hakuna kuchunga, hakuna kukata. Kiangazi kilipobana ndipo lilifunguliwa kwa ndama, kwa maksai wa kulimia na kwa wanyama wagonjwa. Migunga ilikuwa uti wa mgongo wa ngitili. Kisha mambo yakafuatana. Wakati wa ukoloni misitu mingi ya Shinyanga ilifyekwa ili kuwaondoa mbung'o. Pamba ikadai mashamba. Miaka ya 1970, watu walipohamishiwa vijijini, waliziacha ngitili zao nyuma bila mwenyewe wa kuzilinda. Kufikia miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa inaitwa jangwa la Tanzania, na akina mama walitembea nusu siku kutafuta mzigo mmoja wa kuni.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni mradi ulifanya kile ambacho miradi hufanya: vitalu, miche ya kigeni, maelekezo kutoka juu. Matokeo yalikuwa hafifu. Mambo yalibadilika walipowauliza wazee, na wazee wakasema tunataka ngitili zetu. Hapakuhitajika miche mingi. Ardhi ilifungwa, ng'ombe wakazuiwa, mikutano ya jadi iitwayo dagashida ikaweka faini, sungusungu wakalinda, na mizizi ya migunga iliyokuwa imelala ardhini ikachipua yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilizofufuliwa zilikuwa zimepita hekta laki tatu.

Nilipokuwa paroko katika parokia moja ya vijijini huko Usukumani, kanisa lilikuwa na ekari kadhaa nyuma ya nyumba ya mapadri, zilizofungwa kwa mtindo huo tangu kabla sijafika. Migunga ilikuwa mikubwa. Tulikuwa tunajenga ukumbi. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mtu mwadilifu na mchapakazi, alileta hoja kwenye halmashauri ya walei: tukate migunga, nusu ichome matofali, nusu iwe mkaa wa kuuza mjini, na kabla ya Pasaka tuwe tumepaua. Hoja yake ilikuwa na nguvu. Watoto wa katekesi walikuwa wanaloa mvua. Michango kutoka jumuiya ndogo ndogo ilikuwa imekauka, mwaka ule pamba ilikuwa na bei mbaya. Alisema, "Padri, ile ni miiba tu. Mungu hawezi kutuuliza habari za miiba."

Mama mmoja mzee aliomba nafasi. Hakutaja Biblia wala mazingira. Aliuliza tu swali: "Padri, mkijenga, watoto watakaa ndani. Mwezi wa tisa ndama wangu watakaa wapi?" Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole kaya zinazookota maganda chini ya miti ile kiangazi, wajane kwanza. Alifika kumi na nne, akahamia mkono wa jirani yake. Hapo ndipo nilipowasomea Kutoka 25, na nilipofika kwenye mshita nikanyoosha kidole dirishani. Mwenyekiti alikaa kimya kwa muda, kisha akasema kwamba kama ni hivyo, basi Musa naye alikata miti. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, kwa sababu alikuwa sahihi. Besaleli hakulijenga Sanduku kwa kuitazama migunga.

Hatukugawanyika. Tulikubaliana kupogoa matawi kila mwaka sehemu moja baada ya nyingine, kuni zikatumika jikoni, na ukumbi ukajengwa kwa matofali ya kufungamana ya udongo na saruji yasiyochomwa moto. Gharama ilipanda. Ukumbi ulifika kwenye lenta, ukasimama hapo, na nilipohamishwa ulikuwa bado kwenye lenta. Mwenyekiti hakuficha kwamba hakufurahi. Siandiki haya kukuonyesha kwamba ukitunza mti unapata paa. Tulitunza miti na paa hatukupata.

Nakuandikia kwa sababu naona magunia. Pita barabara yoyote ya nchi kame, Dodoma, Singida, Shinyanga, uone yalivyopangwa pembeni, na mengi ni migunga. Serikali imeziagiza taasisi zinazolisha watu wengi ziache kuni na mkaa, na taasisi hizo ni pamoja na zetu: shule, hospitali, nyumba za masista, seminari. Mapadri wenzangu mnaosoma safu hii, jiko la seminari ndogo moja linakula mti mwingi sana. Anayechoma mkaa usimlaumu haraka. Mara nyingi ni baba mwenye karo ya mtoto na shamba lililokataa. Ananunuliwa na mimi na wewe, tunaotaka maharage yaive.

Hadithi ya Niger ina sehemu ya pili. Mwaka 1983 mmisionari mmoja wa Australia, Tony Rinaudo, alikuwa amekwisha kukata tamaa: kila mwaka alipanda miche, na karibu yote ilikufa. Siku moja alisimamisha gari ili apunguze upepo kwenye matairi kabla ya kuingia mchangani, akaona kichaka. Aliposogea na kuangalia majani, alitambua kwamba hakikuwa kichaka bali mti uliokatwa, unaojaribu kuchipua kutoka kwenye kisiki, na unaliwa au kukatwa tena kila mwaka. Jangwa lote lile lilikuwa na msitu chini ya ardhi. Aliacha kuhangaika na miche, akaanza kuwashawishi wakulima wavilinde visiki, na hekta zilizorudi kuwa na miti nchini humo zinahesabiwa kwa mamilioni. Dodoma kazi hiyo hiyo inaendelea kwa jina la Kiswahili ambalo Isaya angelipenda: Kisiki Hai. Soma sura yake ya 11, aya ya kwanza, habari za shina la Yese, kisha tembea shambani kwako.

Namna ya kufanya si ngumu. Tafuta kisiki kilichochipua, cha mgunga au cha mti mwingine wa asili. Kitakuwa na machipukizi kumi au ishirini yanayogombania chakula. Chagua matatu hadi matano yaliyo imara na yaliyonyooka zaidi, mengine yaondoe. Kwenye yale uliyobakiza, punguza matawi ya chini, nusu ya kimo cha chipukizi, kwa panga lenye makali ili usichane gome. Matawi yenye miiba uliyoyakata yazungushe hapo hapo, yawe uzio dhidi ya mbuzi. Rudi baada ya miezi michache, maana kisiki hakichoki kuchipua. Na weka alama inayoonekana kutoka mbali, ili mchungaji na mlima kwa trekta wajue kwamba hapo pana mwenyewe. Kule parokiani wanafunga vipande vya kanga zilizochakaa.